Je, siwezi kugombea udiwani bila chama? Na vyama vyenyewe vilitoka wapi?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mfanyabiashara wa dagaa hapa mwaloni Kirumba. Wenzangu wananisukuma nigombee udiwani, kwa sababu mambo ya ushuru na maji ya hapa mwaloni nimekuwa nikiyafuatilia mwenyewe hadi halmashauri. Sina kadi ya chama chochote na sitaki kuwa nayo. Nilipouliza nikaambiwa bila chama hakuna fomu. Nyumbani sasa ni ubishi kila jioni. Baba anasema vyama ni vitu vya wazungu, vililetwa 1992 kuja kutugawanya, zamani tulikuwa kitu kimoja. Mdogo wangu aliyemaliza chuo anasema bila vyama hakuna demokrasia, kwa hiyo nichukue kadi niache ubishi. Nani mkweli? Na kweli hakuna njia ya kusimama mwenyewe kama raia tu?"

Marahaba, dada yangu. Nianze na jibu fupi, maana najua unalihitaji kwa mipango yako. Aliyekuambia kwamba bila chama hakuna fomu amekuambia kweli. Kwa sheria za Tanzania zilivyo, anayegombea urais, ubunge, udiwani na hata uenyekiti wa mtaa ni lazima awe mwanachama wa chama kilichosajiliwa na awe amependekezwa na chama hicho. Kwa rais na mbunge sharti hilo limeandikwa ndani ya Katiba, ibara ya 39 na ya 67. Kwa diwani limo kwenye sheria ya uchaguzi.

Ila umeuliza maswali mawili kwa pamoja, na nadhani ndiyo maana ubishi wa nyumbani kwenu hauishi. La kwanza ni kama demokrasia inahitaji vyama. La pili ni kama ni haki sheria imlazimishe kila mgombea kupitia kwenye chama. Baba yako anaona ubaya wa hilo la pili, anavikataa vyama vyote. Mdogo wako anaona ukweli wa la kwanza, anakubali na ulazima wake. Mimi nayatenganisha: vyama tunavihitaji, lakini kulazimishwa kupita humo si haki.

Nimpe mzee heshima yake kwanza, halafu nimsahihishe. Mwaka 1992 vyama havikuletwa, vilirudishwa. TANU ilizaliwa Julai 7, 1954, kutoka kwenye chama kilichotangulia cha TAA, ambacho mizizi yake inafika 1929. Mwaka 1956 kikaja chama cha UTP, na 1958 Zuberi Mtemvu akajitenga na TANU akaanzisha African National Congress, kisha akagombea urais dhidi ya Mwalimu Nyerere mwaka 1962. Alishindwa vibaya sana, lakini aligombea. Chama kimoja kwa sheria kilianza 1965. Kwa hiyo "zamani" anayoikumbuka mzee ni kipindi cha miaka 27 kilicho katikati, na kabla ya hapo wazee wake walikuwa wameshaviona vyama vikishindana.

Na kwa watu wa Ziwa, habari ya "vitu vya wazungu" ina kasoro nyingine kubwa zaidi. Serikali ya kizungu ndiyo iliyokataa chama huku kwetu. Tangu mwishoni mwa 1954 wakoloni walikataa kusajili matawi ya TANU Usukumani, na hali ikabaki hivyo hadi 1958. Sababu ni kwamba watu wa hapa walikuwa wameshajipanga kupita kiasi walichokitaka watawala. Wakulima wa pamba walikuwa wakipunjwa kwenye mizani ya wanunuzi, wakaamua kuweka wapimaji wao wenyewe. Kutoka kwenye mizani wakafika kwenye vyama vya msingi vya ushirika, na kutoka huko ukazaliwa mwaka 1955 muungano mkubwa wa ushirika wa Victoria Federation, chini ya Paul Bomani. Pembeni yake kulikuwa na Sukuma Union. TANU ilipofungiwa mlango, siasa haikufa. Ilihamia kwenye ushirika, kwenye mikutano ya pamba, kwenye safari za usiku za watu wa TAA wa zamani. Mwaka 1958 watu wa Geita walipolazimishiwa baraza la mchanganyiko wa rangi wasilolitaka, walikuja mpaka Mwanza kupeleka malalamiko yao, na chama kikiwa bado hakina usajili huku.

Nimekaa kwenye habari hii kwa sababu ndani yake mna jibu la chama kinatoka wapi. Chama hakianzi na bendera wala katiba. Kinaanza pale watu wengi wenye tatizo linalofanana wanapogundua kwamba mmoja mmoja hawasikilizwi, na kwamba uamuzi wa tatizo lao unafanyika mahali ambapo zinahesabiwa sauti.

Fikiria umeshachaguliwa, umeingia kwenye baraza la madiwani la Manispaa ya Ilemela, na unataka ushuru wa dagaa upungue. Wewe una kura moja. Unazunguka kuwaomba madiwani wengine, mmoja baada ya mwingine. Yule wa kata ya pembezoni anakwambia sawa, nitakuunga mkono, ila wiki ijayo na wewe uniunge kwenye barabara yangu. Mwingine ana zahanati. Baada ya vikao kadhaa mnachoka kuombana upya kila mara, mnaamua: sisi kumi na wawili tutakaa kabla ya kikao, tukubaliane, tukiingia tuna neno moja. Mkifanya hivyo mmeshakuwa chama, mmekipa jina au hamjakipa. Waliobaki nje wataona mnawashinda kila kikao, nao watakaa pamoja. Vyama viwili hivyo vimezaliwa bila mtu kuvileta kutoka popote.

Ndivyo ilivyokuwa huko Uingereza. Kati ya 1679 na 1681 Bunge liligawanyika juu ya jambo moja: je, mdogo wa mfalme, aliyekuwa Mkatoliki, azuiwe kurithi kiti? Waliotaka azuiwe wakaitwa Whig, waliopinga hoja hiyo wakaitwa Tory. Hayo yalikuwa makundi ya wakubwa ndani ya Bunge, hayakuwa na matawi wala kadi. Kilichoyageuza kuwa vyama kama tunavyovijua ni kupanuka kwa haki ya kupiga kura. Mageuzi ya 1832 yaliongeza wapiga kura na kuweka daftari la kujiandikisha, na ghafla kila upande ukahitaji watu wa kupita nyumba kwa nyumba kuhakikisha wafuasi wake wamo kwenye daftari. Hapo ndipo zilipozaliwa ofisi za mitaa. Baadaye, mwaka 1900, vyama vya wafanyakazi vilivyochoka kuomba kwa wakubwa vilianzisha chombo chao, kikawa Labour.

Mtaalamu wa Kifaransa Maurice Duverger alizitenganisha njia hizo mbili katikati ya karne iliyopita: vyama vilivyozaliwa ndani ya Bunge vikashuka kutafuta watu, na vyama vilivyozaliwa nje kwa watu vikapanda kutafuta Bunge. TANU yetu ni ya aina ya pili. Msimulie baba yako kwamba mizani ya pamba hapa Usukumani na vyama vya wafanyakazi vya Uingereza vilifanya kazi ileile, na kila upande ulifika hapo kwa shida zake wenyewe.

Wamarekani ni ushahidi mwingine. Waliandika Katiba yao mwaka 1787 bila kutaja vyama hata mara moja, kwa makusudi, kwa kuwa waliviogopa. George Washington alipoaga mwaka 1796 aliwaonya wananchi wake juu ya roho ya vyama. James Madison, aliyeandika kwa ukali juu ya hatari ya makundi, ndani ya miaka michache alikuwa pamoja na Thomas Jefferson wakijenga chama. Sidhani alikuwa mnafiki. Alikuwa na hoja Bungeni, na hoja inahitaji kura.

Sasa nimgeukie mdogo wako. Anaposema bila vyama hakuna demokrasia, kwa nchi kama yetu yuko karibu sana na ukweli. Zipo nchi zisizo na vyama zinazochagua viongozi wake vizuri tu, kama Tuvalu na Palau kule bahari ya Pasifiki, lakini watu wa Tuvalu hawazidi sana elfu kumi. Mpiga kura anamjua mgombea, anamjua baba yake na anajua deni lake dukani. Ukitoka kwenye kata yako, wewe huwajui wagombea ubunge wa Ukerewe, wala hao wa Mtwara ambao kura zao Bungeni zitaamua kodi yako. Jina la chama ndilo linalokupa mahali pa kumkamata mtu usiyemjua: hawa waliahidi hivi, wametawala miaka mitano, wamefanya au hawakufanya.

Mwanza inalo fundisho lake juu ya hili. Katika uchaguzi wa 1965, wa kwanza wa chama kimoja, karibu kila jimbo liliwekewa wagombea wawili wa TANU, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba. Uchaguzi ule ulikuwa na ushindani wa kweli kuliko wengi wanavyodhani. Paul Bomani yuleyule wa ushirika, wakati huo akiwa Waziri wa Fedha, aliangushwa na wapiga kura wa hapahapa. Mzee wako ana haki ya kuukumbuka kwa fahari. Lakini angalia walichoweza na wasichoweza. Waliweza kumwondoa mtu. Hawakuweza kuibadilisha sera, maana aliyeshinda alikuwa wa chama kilekile, chini ya ilani ileile, na serikali ilikuwa ya chama hicho hata kabla kura ya kwanza haijapigwa. Linganisha na 2010, majimbo ya Nyamagana na Ilemela yalipochukuliwa na CHADEMA, na 2015 yaliporudi CCM. Uwe ulifurahi au ulichukia, mpiga kura alikuwa na kitu zaidi cha kusema kuliko "simtaki huyu bwana".

Majirani zetu wa ng'ambo ya ziwa walijaribu njia ambayo baba yako angeipenda. Kuanzia 1986 Uganda iliendeshwa kwa kile kilichoitwa mfumo wa harakati: vyama vilikuwepo kwa jina, lakini havikuruhusiwa kusimamisha wagombea, na kila mtu aligombea kwa sifa zake binafsi. Kura ya maoni ya 2000 iliuthibitisha mfumo huo. Hoja yake ilikuwa nzito, na mtu asiidharau: vyama vya zamani vya Uganda vilifuata sana dini na kabila, na nchi ilikuwa imetoka kwenye damu. Ila kilichotokea ni kwamba harakati yenyewe ikawa chama, chenye ofisi na fedha za serikali, na waliopingana nayo ndio pekee waliokatazwa kujipanga. Kura ya maoni ya 2005 ikarudisha vyama vingi. Kwangu mimi hilo ndilo jibu zito kuliko yote juu ya ndoto ya siasa bila vyama. Ukivikataza, hubaki bila chama. Unabaki na kimoja.

Je, vinagawanya? Vinaweza. Sheria yetu ya 1992 ililiona hilo, ikakataza kusajili chama cha dini, kabila au eneo, na ikataka chama kipate wanachama wasiopungua 200 katika kila mkoa kwa mikoa kumi au zaidi, miwili kati yake ikiwa Zanzibar, mmoja Unguja na mmoja Pemba. Tume ya Jaji Nyalali ilipouliza wananchi mwaka 1991, zaidi ya robo tatu walisema wabaki na chama kimoja, na woga wa mgawanyiko ulikuwa sehemu kubwa ya sababu. Tume ikapendekeza vyama vingi hata hivyo, kwa kuwaangalia wale wachache waliotaka kusikika. Naiona ilikuwa sahihi. Wavuvi na wenye viwanda vya samaki walikuwa wanatofautiana kabla ya chama chochote kusajiliwa. Chama kizuri kinaichukua tofauti hiyo kutoka kwenye ugomvi wa mwaloni na kuipeleka mahali pa kujadiliwa. Kibaya kinaichochea.

Lakini kuna jambo ambalo mdogo wako halisemi. Vyama vingi kwenye daftari la Msajili si sawa na vyama vinavyofanya kazi. Chama kinahitaji kukutana na watu. Mikutano ya hadhara ilizuiwa nchini kuanzia 2016 hadi Januari 2023, na zuio lilipoondolewa CHADEMA ilianzia hapahapa Mwanza, viwanja vya Furahisha. Kwa miaka hiyo yote vyama vilikuwepo kwa mujibu wa sheria, na vingi vilikuwa vimefungwa mdomo. Chama kinahitaji pia demokrasia ndani yake, na hapo ndipo naona malalamiko yako ya kutotaka kadi yana haki kabisa. Kura za maoni za ndani ya chama zinapigwa kuchuja wagombea, halafu vikao vya juu vinakata jina la aliyeshinda. Ukishachaguliwa, ukihama chama unapoteza kiti, iwe ubunge au udiwani. Mtu wa namna hiyo anawaogopa zaidi viongozi wa chama kuliko ninyi mliompigia kura.

Ndiyo maana kwenye swali la pili mimi niko upande wako. Nawe si wa kwanza kuliuliza. Mchungaji Christopher Mtikila alikwenda mahakamani, na mwaka 1994 Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu Dodoma akasema mgombea binafsi ni haki ya raia. Serikali ikaenda Bungeni, Katiba ikabadilishwa, mlango ukafungwa tena. Mtikila akarudi, Mahakama Kuu ikampa ushindi mwingine 2006, Mahakama ya Rufani ikautengua 2010 ikisema hilo ni jambo la Bunge. Akaenda kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyo pale Arusha, ambayo Juni 2013 iliamua kwamba Tanzania inavunja haki ya raia kushiriki serikali ya nchi yake na haki ya kutolazimishwa kujiunga na kundi. Mchungaji alifariki kwa ajali 2015 bila kuona sharti likiondolewa. Mwaka 2019 serikali ikaondoa tamko lililokuwa linawaruhusu watu binafsi kuishitaki moja kwa moja kwenye mahakama hiyo.

Wanaotetea sharti husema mgombea binafsi anaweza kununuliwa, hana ilani, na akishakosea hakuna wa kuulizwa. Sehemu ya pili na ya tatu ni kweli, nimekueleza mwenyewe hapo juu. Lakini tazama Kenya, ambako Katiba ya 2010, ibara ya 85, inamruhusu mgombea huru mradi hakuwa mwanachama wa chama kwa miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Tazama Uganda, ambako wabunge huru wamekuwa wengi kuliko wa chama kikuu cha upinzani. Vyama huko havikufa. Wengi wa wagombea hao ni watu waliotoswa na vyama vyao kwenye mchujo, na kuwepo kwao kunakiambia chama: ukimkata aliyependwa na watu, anaweza kukunyang'anya kiti. Nguvu hiyo ya kukirudi chama ndiyo tunayoikosa.

Sasa wewe ufanye nini? Kufungua kesi upya ni kazi ya miaka, na haitakupa fomu ya uchaguzi ujao. Kuanzisha chama, kwa masharti niliyotaja, si kazi ya mtu mwenye biashara ya dagaa. Zinabaki njia mbili.

Ya kwanza ni kuchukua kadi, ukijua unachonunua. Usiangalie rangi, soma katiba ya chama na uulize nani hasa ana neno la mwisho juu ya jina la mgombea udiwani. Chama kikubwa kina mawakala na mtandao, lakini mchujo wake ni mkali na una wenyewe wa siku nyingi. Chama kidogo kitakupa nafasi kwa urahisi, kisha utajikuta unatafuta mwenyewe watu wa kukaa kila kituo kulinda kura. Watakugusia viti maalum pia. Navyo vinagawiwa kupitia vyama, hivyo havikuondolei tatizo, na aliyekuteua hatakuwa mpiga kura wa Kirumba. Ingia mapema, kabla ya msimu, pamoja na wenzako wanaokusukuma. Mmoja akiingia peke yake atamezwa. Wakiingia arobaini kwenye tawi moja, tawi litawasikiliza.

Ya pili ni kubaki nje na kutumia vyombo visivyodai kadi: mkutano wa mtaa, ambao kila mkazi mtu mzima ana haki kuhudhuria, usimamizi wa mwalo kupitia BMU (kikundi cha wadau wa uvuvi cha kusimamia mwalo), na umoja wa wafanyabiashara wenu. Usiudharau. Ushuru umeshaufuatilia bila udiwani, na sababu ya watu kukutaka ni hiyo. Hasara yake ni kwamba unabaki unaomba, hupigi kura kwenye baraza.

Kama ningekuwa wewe na bado nina mwaka au zaidi, ningefuata ya kwanza na kuendelea na ya pili. Lakini nakujua kwa barua moja tu. Ukiamua kuchukua kadi na kuna chembe ya shaka juu ya sifa zako, kama umri wa miaka 21, makazi, au kadi ya zamani ya chama kingine ambayo mtu alikukatia, usitegemee maneno yangu wala ya kijiweni. Nenda ofisi ya msimamizi wa uchaguzi kwenye halmashauri ukaulize, kwa kuwa tarehe na kanuni hutangazwa upya kila uchaguzi na pingamizi moja linaweza kukuondoa. Jina lako likikatwa kwenye mchujo kinyume cha katiba ya chama, tafuta wakili au kituo cha msaada wa kisheria siku hiyohiyo, maana muda wa rufaa ndani ya chama huwa mfupi. Na mtu yeyote akikuambia nafasi ina bei, usibishane naye. Andika siku na mahali, uende TAKUKURU kabla hujatoa hata shilingi.